SOMO: Kupata chumba kizuri cha bei nafuu Roma

Ndugu zangu, maswali ya malazi ya Roma yamekuwa mengi, ya mahujaji na ya wanaokwenda kutembea tu, basi nayajibu kwa pamoja. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usianze kwa kutafuta chumba cha bei ndogo kuliko vyote. Tafuta kituo cha metro (treni ya chini ya ardhi) kwanza, chumba baadaye, na bei uihesabu mpaka senti ya mwisho utakayoiacha mapokezi siku ya kuondoka.

HATUA YA 1: Tarehe

Bei za Roma hufuata kalenda ya Kanisa na hali ya hewa. Juma Kuu na Pasaka ni ghali sana, na kuanzia hapo mpaka Juni hazishuki kwa maana. Septemba na Oktoba ni vivyo hivyo. Nafuu ya kweli iko Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote ikishapita, halafu katikati ya Januari hadi Februari. Baridi ipo, lakini koti zito la mtumba linatosha. Agosti nako hoteli nyingi hushusha bei, kwa kuwa joto linaweza kupita nyuzi 35 na wenyeji wengi hukimbilia baharini. Ukienda mwezi huo, chumba kisicho na kiyoyozi usikiguse hata kwa nusu bei.

Kama nia yako ni kumwona Baba Mtakatifu, katekesi yake huwa Jumatano asubuhi na sala ya Malaika wa Bwana Jumapili saa sita mchana. Anayefika Jumamosi akaondoka Alhamisi huzipata zote mbili. Julai katekesi za Jumatano kwa kawaida husimama.

HATUA YA 2: Kituo kabla ya chumba

Metro ya Roma ina njia tatu, na kwa mgeni zilizo muhimu zaidi ni A na B. Zinakutana Termini, stesheni kuu ya treni. Tiketi ya kawaida ni yuro 1.50, inatumika dakika 100. Kwa hiyo huna haja ya kulala mlangoni mwa Pantheon au Piazza Navona, vivutio vya katikati ya mji, ambako vyumba ni ghali na metro haifiki karibu.

Mimi napendelea upande wa San Giovanni na Re di Roma kwenye njia A. Ni mitaa ya watu wanaoishi, yenye maduka ya kawaida na mikahawa isiyomtoza mgeni bei ya mgeni, na Basilika la Laterani, kanisa kuu la Askofu wa Roma, liko hapo hapo. Kutoka San Giovanni hadi Ottaviano, kituo cha kushukia kwenda Vatikani, hubadilishi treni. Njia B nayo ina Bologna, mtaa mtulivu, na Garbatella upande wa kusini, karibu na Basilika la Mtakatifu Paulo.

Prati, jirani na Vatikani, ni pazuri na salama, ila utalipa zaidi. Trastevere ina sifa kubwa, lakini usiku kuna kelele na metro hakuna. Termini penyewe pana hoteli nyingi za bei ya chini na ni rahisi kwa treni ya uwanja wa ndege, tena si pabaya kama wengi wanavyosema. Mkoba tu uushike mbele, hasa ndani ya basi namba 64 linalokwenda upande wa Vatikani.

Jihadhari na tangazo lenye jina “Roma” huku hoteli iko nje ya barabara ya mzunguko inayoitwa Grande Raccordo Anulare. Chumba kitakuwa kikubwa na rahisi, lakini utasubiri basi asubuhi na jioni, na ukichelewa utapanda teksi. Fungua ramani, pima umbali wa kutembea kwa miguu mpaka metro. Ukizidi dakika kumi, mimi naruka tangazo hilo.

HATUA YA 3: Nyumba za masista

Hapa ndipo penye hazina ambayo watu wetu wengi hawaijui, na inanisikitisha kuona wakilipia hoteli mbovu. Mashirika mengi ya watawa Roma yana nyumba za kupokea wageni, kwa Kiitaliano *case per ferie*. Si lazima uwe mtawa, na nyingi hazikuulizi dini. Unapewa chumba kisafi mno, kitanda kimoja au viwili vyembamba, shuka zilizonyooshwa, msalaba ukutani, mara nyingi bafu lako mwenyewe. Asubuhi mkate, siagi, jemu na kahawa yenye maziwa. Nyingine zina bustani ndani, na kelele za mjini huzisikii kabisa.

Masharti yapo. Mlango mara nyingi hufungwa saa tano usiku, kwingine mapema zaidi, kwa hiyo anayetaka kurudi usiku wa manane hapamfai. Televisheni huenda isiwepo. Kiyoyozi uulize, usidhani. Baadhi ya nyumba ziko kwenye tovuti za kuweka nafasi, lakini nyingine hazipo na hujibu barua pepe tu. Andika kwa Kiingereza chepesi au Kiitaliano cha kutafsiriwa na simu: tarehe, idadi ya watu, vyumba vingapi, kama mnataka kifungua kinywa. Uliza saa ya kufunga mlango na namna ya kulipa, maana baadhi wanapendelea fedha taslimu. Mwenye parokia au jumuiya nyumbani awaulize kwanza masista anaowafahamu: shirika lao likiwa na nyumba Roma, mlango umeshafunguka nusu.

HATUA YA 4: Kusoma tangazo

Matrimoniale ni chumba cha kitanda cha watu wawili, doppia kwa kawaida ni vitanda viwili, na francese ni kitanda cha wawili lakini chembamba, hakifai watu wazima wenye miili yao. Bagno in comune ni bafu la kushirikiana.

Kisha tafuta namba ya utambulisho inayoitwa CIN, inayoanza na herufi IT. Tangu Januari 2025 kila tangazo la malazi linatakiwa kuionyesha, ziwe hoteli au nyumba za kupangisha kwa siku. Tangazo lisilo nayo, achana nalo.

Kodi ya jiji ndiyo inayowashtua wengi, kwa kuwa mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona na hulipwa pale pale. Hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku: hoteli ya nyota moja yuro 4, nyota mbili 5, nyota tatu 6, nyota nne 7.50, nyota tano 10. Mwisho ni usiku kumi mfululizo, na watoto chini ya miaka kumi hawalipi. Mume na mke wakilala usiku wanne kwenye nyota tatu, hizo ni yuro 48 juu ya chumba. Linganisha hoteli mbili baada ya kuongeza kodi, kifungua kinywa na nauli. Mara nyingi iliyoonekana ghali ndiyo inayoshinda.

Maoni ya wageni yasome yale mapya, na utafute maneno matatu: kelele, maji ya moto, lifti.

HATUA YA 5: Kuweka nafasi

Chagua bei inayoruhusu kughairi bila gharama mpaka viza itoke. Ubalozi unataka uthibitisho wa malazi, na nawasihi msinunue zile karatasi za hoteli za kughushi zinazouzwa mitandaoni. Ubalozi unaweza kuuliza hotelini, na viza ikikataliwa kwa udanganyifu, ombi lako lijalo linaanza na doa. Viza ikishatoka, linganisha bei tena, kisha thibitisha.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Nampeleka mama, magoti yanamsumbua. Niulize nini?*

Marahaba mwanangu. Uliza kama lifti inaanzia usawa wa barabara. Roma hoteli nyingi ndogo ni ghorofa moja tu ndani ya jengo la zamani. Unakuta mlangoni vibao vya hoteli tatu nne, ngazi sita saba za mawe, ndipo ufikie lifti ya chuma inayobeba watu wawili na begi moja. Pia kumbuka “ghorofa ya kwanza” yao unaifikia kwa ngazi, siyo ile ya chini. Na bafu: omba lenye shawa ya kuingia bila kuruka ukingo.

*Ndege yetu inatua Fiumicino saa nne na nusu usiku. Tutafika?*

Mtafika, ila msichague nyumba ya masista usiku huo. Mpaka mtoke na mabegi, treni ya Leonardo Express (yuro 14, kama nusu saa hadi Termini) huenda imeshakwisha, na metro siku za katikati ya wiki hufunga saa tano na nusu usiku. Chukueni basi la uwanja wa ndege hadi Termini, na usiku wa kwanza mlale hapo karibu, penye mapokezi ya saa 24. Hoteli ndogo hufunga mapokezi jioni na nyingine hutoza anayechelewa.

*Sisi ni Waislamu kutoka Mombasa. Kuna mtaa unaotufaa?*

Ndiyo dada yangu. Angalia Esquilino, karibu na kituo cha Vittorio Emanuele kwenye njia A. Kuna wahamiaji wengi, maduka ya nyama halali, na soko la Esquilino ambako utapata mihogo, ndizi za kupika na viungo. Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa 1995, uko kaskazini. Mnashuka Flaminio kwenye njia A, mnapanda treni ya mjini hadi Campi Sportivi. Kwa Ijumaa tokeni mapema.

*Kadi yangu ni ile ya mtandaoni ya kwenye simu. Itakubaliwa?*

Kulipia kabla, kwa kawaida inakubali. Tatizo ni hoteli zinazotaka kuiona kadi yenyewe mkononi au kuzuia amana ukifika. Waandikie kabla, upate jibu la maandishi, na ubebe yuro taslimu za kodi ya jiji.

*Wametuomba pasipoti zetu zote, hadi za watoto. Ni sawa?*

Ni sawa kaka. Sheria ya Italia inawataka wapeleke taarifa za kila mgeni polisi ndani ya saa 24. Waonyesheni mkifika, wanakili, kisha wawarudishie pale pale.