Siku moja Tromsø wakati wa baridi: pangeni kuanzia saa sita mchana

Mkienda Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwe, na marafiki kwa siku moja, kati ya mwishoni mwa Novemba na katikati ya Januari, msianze ratiba na asubuhi. Anzeni na saa sita mchana, kisha mjaze mbele na nyuma. Sisi tulikuwa wanne, na mpango huo ndio uliotuokoa. Miezi hiyo jua halichomozi kabisa, ila lipo karibu chini ya upeo, kwa hiyo kuanzia kama saa nne hadi saa nane mchana kuna mwanga wa kutosha kuona milima. Theluji hugeuka rangi ya bluu ya kufulia, na kusini mbingu huwa na mstari wa waridi. Saa hizo ziwe za nje tu: lifti ya kamba ya Fjellheisen, mita 421 juu, au kuvuka daraja kwa miguu hadi kanisa la Ishavskatedralen. Makumbusho, chakula na maduka viende gizani, havipotezi kitu. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi humaliza chaji upesi mno.

Mbinu hii hushindwa upepo ukiwa mkali, kwani lifti husimamishwa. Angalieni tovuti ya lifti kabla ya kutoka, na daraja liwe mpango wa pili. Mawingu mazito nayo huufanya mwanga uwe mfupi zaidi. Machi hakuna haja ya mbinu hii, mchana ni mrefu.