Geuza meza kwanza

Wewe unayefanyia kazi nyumbani, hasa huku Mbeya mitaa kama Mwanjelwa ambako bajaji hazikatiki, ukitaka akili itulie kwenye kazi, anza na meza kabla hujagusa mipangilio ya kompyuta. Iegemeze ukutani, dirisha liwe ubavuni. Ukilitazama, macho yatafuata wapita njia. Ukilipa mgongo, mwanga unapiga kwenye skrini na unabaki kukunja uso.

Halafu fungua akaunti ya pili kwenye kompyuta hiyohiyo, ya kazi tu. Kwangu hii ndiyo dawa yenyewe. Akaunti mpya inakuja na kivinjari kisichokujua: hakina nywila zako, YouTube haikumbuki ulichokuwa unaangalia, WhatsApp haijaunganishwa. Iache hivyohivyo. Ukitaka kuchungulia matokeo ya Simba na Yanga, itabidi utoke uingie akaunti ya kwanza, na uvivu wa kufanya hivyo unakubakiza kazini. Mafaili unayoyahitaji pande zote mbili yaweke kwenye folda ya Public. Kwenye Windows akaunti zote zinaifikia.

Simu iende chumba kingine. Kuilaza kifudifudi mezani ni kujidanganya tu.

Na baridi ya Juni na Julai ikibana, jiko la mkaa lisiingie humo ukafunga dirisha: hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na inaua. Vaa sweta, chupa ya chai ikae karibu, maana safari ya jikoni huwa haiishi bila maongezi.