Jinsi ya kuweka alama za lahaja kwenye orodha ya maneno

Mwezi uliopita nilikaa na mpwa wangu kupanga maneno aliyorekodi Mombasa kwa ajili ya tasnifu yake. Safu moja aliyoiita "lahaja" ilikuwa imebeba kila kitu: matamshi, maneno ya vijana, istilahi za shuleni, mpaka watu wanaosema "karamu" wakikusudia kalamu. Tulianza upya hivi.

Hatua ya 1: Fungua lahajedwali

Lahajedwali ni jedwali la kompyuta; safu zake ni neno, maana, mzungumzaji, mahali, alama. Daftari ni zuri ukiwa kibarazani na mtu, lakini usiku huohuo hamishia kwenye lahajedwali.

Hatua ya 2: Chagua alama chache

Sisi tulibaki na nne. Lahaja ni Kiswahili cha jamii ya mahali fulani, chenye sauti, msamiati na sarufi yake: Kimvita (Mombasa), Kiamu (Lamu), Kipemba, Kitumbatu. Lafudhi ni namna mtu anavyotamka, mara nyingi kwa athari ya lugha aliyoanza nayo. Rejesta ni lugha inayofuata shughuli (mahakamani, sokoni). Misimu ni maneno ya kundi, nayo hupita.

Kipimo changu cha haraka: andika sentensi ya mtu kwa tahajia ya kawaida. Tofauti ikiyeyuka yote, hiyo ni lafudhi. Ikibaki, kama "ndia" badala ya njia, fikiria lahaja. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, maana kuchanganya r na l huingia hata kwenye maandishi. Hapo uliza kama jamii nzima, wazee kwa watoto waliokulia Kiswahili, inasema hivyo.

"Kilugha" sikutaka kukiona kwenye orodha. Neno hilo linaishusha lugha ya mtu hata kabla hujaieleza.

Hatua ya 3: Weka alama ya lahaja kwa masikio

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima miaka ya nyuma, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kimvita kina t mahali ambapo Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, kina ch: macho ni mato, cheka ni teka, chukua ni tukua, mchele ni mtele, ficha ni fita. Nilipoona utaratibu huo, nikaamini nimepata ufunguo. Nikachukua orodha yangu ya maneno ya Kiunguja, nikaamuru programu ibadilishe kila ch iwe t, nikaibandika alama ya Kimvita. Asubuhi nikamsomea bi mkubwa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Nilipofika "takula" akanikatisha: "Takula ndiyo nini, mwanangu? Chakula!"

Alikuwa sahihi, na sababu iko kwenye ngeli. Ch ya chakula ni kiambishi ki- kilichokutana na irabu. Kwa hiyo kabla ya kugusa neno, liweke katika wingi. Likipata vy- (vyakula, vyombo, vyoo), ch yake ni ya ngeli, iache. Vivyo hivyo "cha" na "chako". Halafu kuna maneno ya kukopa kama chai, ambayo hayafuati mkondo huo.

Hata ukishachuja hivyo, maandishi yatakuficha kitu. Kimvita kina t mbili, moja ulimi unagusa meno, nyingine unagusa ufizi, na tahajia yetu ina herufi moja tu. Kwenye karatasi, kuteka kwa maana ya kucheka na kuteka maji ni neno moja. Rudi kwenye rekodi, isikilize kwa visikizi vya masikioni, kisha pigia mstari chini ya t ya meno. Usikisie. Mpwa wangu aliandika tena maneno arobaini kwa sababu hiyo, na sikumwonea huruma.

Utaratibu wa lahaja moja usiuhamishie nyingine pia. Jicho kwa Kimvita ni jito, kwa Kiamu ni ito.

Hatua ya 4: Tenga sanifu na Kiunguja

Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930. Msingi si nyumba nzima. Zanzibar watoto wanakwenda skuli, bara wanakwenda shule. Tofauti za tarakilishi ya vitabu vya Kenya na kompyuta ya Tanzania nazo si lahaja: andika nchi kwenye safu ya mahali.

Hatua ya 5: Tumia jina ambalo wenyewe wanalitumia

Vitabu vingi vinasema "Kingwana" kwa Kiswahili cha Kongo. Ninaandika Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bukavu, kwa kuwa hiyo miji haisemi sawasawa. Misimbo ya kimataifa ya lugha nayo imeitenga: swc kwa Kongo, swh kwa Kiswahili kingine.

Hatua ya 6: Msomee aliyekupa

Soma kila mstari kwa sauti, alama pia. Akisema "hivyo wanasema Malindi, si sisi", badilisha safu ya mahali palepale, mbele yake.