Nafasi ya kupandia soya: mwanga ufike wapi, mashina yawe mangapi

Wengi wetu huku Moshi tukiona shina moja la soya limejaa maganda, tunatamani yote yawe hivyo, basi tunapanda kwa nafasi kubwa. Lakini gunia linajazwa na eka nzima. Lenga hili: soya ikianza kutoa maua, majani yawe yamekutana katikati ya mistari. Mwanga unaoangukia udongo mtupu unalisha magugu tu.

Hatua ya 1: Eneo. Usipande kihambani, yaani shamba la nyumbani, chini ya migomba na miti ya migrevilea. Kivulini shina hurefuka na kuwa jembamba, matawi hupungua, maua hupukutika bila kufunga maganda. Soya ni ya shamba la chini, tambarare, penye jua la kutosha. Ukichanganya na mahindi, panua mistari ya mahindi, weka soya mistari miwili au zaidi katikati.

Hatua ya 2: Mbegu. Soya hupoteza uotaji haraka ghalani. Funga mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevunyevu. Zikiota 80 tu, ongeza robo ya mbegu wakati wa kupanda.

Hatua ya 3: Nafasi. Tumia kamba. Mstari hadi mstari sm 50. Shina hadi shina sm 10 kwa aina ndefu zenye matawi mengi, hapo utapata mashina kama 80,000 kwa eka. Aina fupi zisizotanuka ziweke sm 5. Ufupi wenyewe mara nyingi unatokana na mwanga: soya hufuata urefu wa usiku, na kwetu karibu na ikweta usiku ni takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mbegu iliyozoea nchi zenye mchana mrefu wa kiangazi huchanua mapema ikiwa bado ndogo. Tafuta aina zinazolimwa Tanzania, kama Bossier au Uyole Soya 1. Fukia sm 3 hadi 5. Penye mteremko, mistari ifuate kontua, yaani ikate mteremko kwa usawa.

Hatua ya 4: Kagua. Hapa ndipo pa kutulia. Wakati wa maua, ingia shambani saa sita mchana, jua likiwa utosini, uiname utazame chini. Ukiona madoadoa machache ya mwanga, nafasi ni nzuri. Ukiona utepe mweupe wa jua katikati ya mistari, msimu ujao sogeza hadi sm 40. Pakiwa giza, majani ya chini ni ya njano, pingili ni ndefu na mashina yanalala mvua ikipiga, umebananisha. Umande nao hukawia kukauka humo, na ugonjwa wa kutu ya soya hupenda majani yenye unyevu.

Pengo dogo liache, matawi ya jirani yatalijaza. Pengo kubwa rudishia mbegu mara tu miche inapochomoza.

Hatua ya 5: Pima. Usichague shina zuri. Vuna mita moja ya mstari sehemu kadhaa za shamba, upukuchue, upime kilo. Kama una nafasi, panda vipande viwili vya ukubwa sawa, kimoja sm 40 na kingine sm 50, kila kimoja ukipime peke yake.