Glavu ya Raketboli: Herufi L Iliyonila Mara Mbili

Mbukwenyi, ndugu zangu. Naandika nikiwa likizo kutoka Marekani, nipo nyumbani, Area C, Dodoma. Mezani nina glavu mbili za raketboli, zote za mkono wa kushoto, na mimi natumia kulia. Hela yangu hiyo.

Mchezo wenyewe aliubuni Joe Sobek huko Connecticut, Marekani, mwaka 1950: chumba cha kuta nne, urefu futi 40, upana futi 20, mnapiga mpira ukutani. Wenzako kazini Marekani wakikualika wakati wa theluji, nenda. Mmarekani hakualiki kwake upesi, lakini humo uwanjani atakusimulia hadi ndoa yake. Ila utatoka jasho, na raketi inateleza. Ndiyo kazi ya glavu.

Sasa sikiliza. Glavu hii huuzwa moja, si jozi, na huvaliwa mkono unaoshika raketi. Mimi niliona herufi L kwenye pakiti, nikajua ni saizi kubwa, maana viganja vyangu ni vya kulimia. Kumbe L ile ilikuwa ya kushoto! Kwa Kiingereza kushoto na kubwa zinaanza na herufi moja. Nikamuuliza mwenzangu wa ofisini, mcheza gofu. Akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba mtu wa kulia huvaa glavu kushoto. Kwenye gofu, sawa. Nikanunua ya pili, kushoto tena, safari hii kwa saizi yangu.

Nikarudi dukani na risiti. Dada wa kaunta akatabasamu: pakiti ikishafunguliwa, hawapokei. Soko la Majengo ningebishana, ningekaa kwenye benchi, tungeelewana. Kule unanyimwa kwa tabasamu na kutakiwa siku njema. Kwa hiyo, kabla hujachana nailoni, angalia kidole gumba kiko upande gani. Angalia tena. Usiamini herufi, na mcheza gofu usimwamini kabisa.

Saizi: zungusha futi ya fundi cherehani kwenye kiganja, chini ya vifundo, gumba libaki nje, ulinganishe na jedwali la mtengenezaji. Ikibana kidogo, chukua hiyohiyo, ngozi italegea. Ikifanya mikunjo kiganjani ukikunja ngumi, iache, itakutoa malengelenge.

Nyingi nzuri ni za kabreta, ngozi ya kondoo wa manyoya mafupi kama hawa wetu wa Ugogo. Laini, inashika. Ila usiikaushe kwenye hita: niliwahi, ikakakamaa kama ngozi ya ngoma ya muheme. Itandaze kivulini, uwe na ya pili ya kubadilisha.

Na wewe mdogo wangu unayeandika "kaka, niletee jozi", hakuna jozi. Niambie unashika raketi kwa mkono upi, na kipimo chako.

Shangazi naye alipoona glavu mojamoja alihamaki: "Mwanangu, wenzake hizi wako wapi? Wamekuibia hao!" Nimemweleza mara tatu, bado anaamini zimebaki dukani zinanisubiri. Jioni hii nimemkuta jikoni kavaa moja. Mkono wa kulia unasonga ugali, wa kushoto umeshika sufuria, kitambaa kakitupa pembeni. Ananiuliza kama ile nyingine naihitaji.