Zamu ya mtaa ikikufikia Japani

Nimerudi Makorora wiki ya tatu tu, nimeshafanywa mweka hazina wa kamati ya mtaro. Sikubisha. Kubisha nilikumalizia Japani, kwenye mtaa mmoja pembezoni mwa Nagoya. Sasa binti ya mama mdogo anamfuata mumewe huko, na haya ndiyo niliyomweleza juzi tukimenya mihogo.

Chama cha mtaa wenyewe hukiita chonaikai. Mtaa hugawanywa vikundi vya nyumba chache chache, mfano wa nyumba kumi zetu, ila hakuna siasa ndani yake. Kiongozi wa kikundi ni hancho, na mara nyingi kazi hiyo huzunguka nyumba kwa nyumba, mwaka mmoja mmoja kuanzia Aprili. Zamu inaangukia nyumba, haimtazami mtu. Ugeni hautakuokoa.

Utaanza kuukuta ubao mlangoni, umebanwa makaratasi. Huo ni kairanban. Soma, tia saini au muhuri, upeleke kwa jirani siku hiyo hiyo. Mimi niliulaza juu ya friji siku tisa nikidhani ni matangazo ya maduka. Kumbe mna tarehe ya kuzibua mitaro, na nyumba zilizonifuata hazikupata habari. Hakuna aliyenisuta. Afadhali wangenisuta kama kwetu, yakaisha.

Takataka zina siku zake kwa aina zake; ukikosea, gari linakuachia mfuko wako pale pale, umebandikwa karatasi, kila mtu auone. Mifuko hufunikwa wavu, maana kunguru wa kule wamewazidi umbo hawa wetu wa Tanga. Mwenye zamu hukunja wavu na kufagia gari likishapita.

Je, unaweza kukataa? Unaweza. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu yao iliamua kwamba mwanachama ana haki ya kujitoa. Lakini kuna mitaa ukijitoa, unaanza kuulizwa takataka zako unatupa wapi. Kama una mtoto mchanga au unafanya kazi usiku, sema mapema, kabla ya Machi, uombe kubadilishana na nyumba inayofuata. Nenda na kiboksi cha vitamu mkononi. Mimi nilinyamaza mpaka nikakabidhiwa kitabu cha risiti.

Hapo jirani, bibi wa miaka sabini na kitu, akanichorea ramani: nyumba 12, na pembeni ya kila moja saa ambazo wenyewe wapo. Ada ilikuwa yeni 300 kwa mwezi, nikakusanya ya miezi sita kwa mpigo. Nilibeba chenji tele, nikarudi nayo yote; kila nyumba ilishaweka 1,800 kamili kwenye bahasha.

Hapa Makorora bahasha sizitarajii. Ramani nimeshaichora, nyuma ya daftari la mwanangu. Kwa muuza mbaazi nitapita saa nne, akishamaliza kuuza.