Jinsi ya kukagua sensa ya levo ya tanki kabla hujasema imekufa

Wenzangu mafundi, na nyinyi vijana mnaotoka chuo, hii kitu inatupotezea muda sana kiwandani: sensa inaonyesha levo ya uongo, bosi anasema nunua mpya, mnaweka mpya nayo inadanganya vilevile. Mimi nafanya kazi ya instrumenti, yaani vifaa vya kupimia vya kiwandani, huku upande wa Jinja, Uganda, na naamini kabisa sensa nyingi zinazotupwa ni nzima. Sensa ninayoisema ni ile transmita ya presha iliyofungwa chini ya tanki: haijui lita wala mita, inajua tu uzito wa kimiminika kilichoelemea kiwambo chake. Kiwambo ni kibati chembamba kimewambwa kama ngozi ya ngoma, kikisukumwa kidogo tu transmita inabadilisha umeme inaoupeleka kwenye PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mitambo. Habari ya mita ni hesabu tunaongeza sisi, na uongo mwingi unaingilia hapo.

Hatua ya 1. Ongea na opareta kwanza. Kama levo ndiyo inaamuru pampu, weka pampu kwenye manyuo, yaani iendeshwe kwa mkono, kabla hujagusa waya, maana ukikata signali PLC inaweza kuona tanki tupu ikaendelea kujaza mpaka imwagike. Usiruke hapa, tafadhali.

Hatua ya 2. Soma kibao cha transmita. Angalia renji, yaani inapima kuanzia ngapi mpaka ngapi, halafu angalia kama inapima presha kuanzia hewa iliyotuzunguka au kuanzia sifuri kabisa, pasipo hewa yoyote. Huku kwetu hii ni muhimu sana, sababu tuko juu, Ziwa Nalubaale (Viktoria) lenyewe liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu inasukuma karibu kilopaskali 88 tu wakati Mombasa ni 101. Ukifunga ile ya sifuri kabisa kwenye tanki lililo wazi, itakuonyesha kama mita 9 za maji na tanki halina kitu.

Hatua ya 3. Pima umeme. Kwanza volti, sapulai kawaida ni 24, halafu ingiza mita yako ya umeme kwenye laini usome miliampia. 4 ni tupu, 12 ni nusu, 20 imejaa. Ukipata 0 waya umekatika au fyuzi imeenda, na baada ya mvua zetu za radi mimi huwa naanza na fyuzi.

Hatua ya 4. Jaribu kwa maji. Funga vali iliyo kati ya tanki na transmita, mwaga kilichobaki upande wa transmita, acha kiwambo kione hewa tu: isome miliampia 4. Sasa chukua ule mpira unaoona ndani, ule mafundi wa ujenzi wanapimia levo ya ukuta, uunge kwenye transmita, toa mapovu yote, simamisha maji mita 1 kamili juu ya kiwambo. Mita 1 ya maji ni kilopaskali 9.81, kwa hiyo kama renji ni mita 5 za maji lazima usome miliampia 7.2. Ukiipata, sensa ni nzima, achana nayo, tafuta kosa kwingine.

Hatua ya 5. Uliza ndani ya tanki kuna nini. Hii ilinifundisha kwa uchungu. Kwenye kiwanda kimoja cha sukari tulikuwa na tanki la molasi la mita 5, transmita ilikuwa imesetiwa kwa maji, na molasi ina uzito kama mara 1.4 wa maji. Basi tanki likifika mita 3 na nusu hivi skrini inasema limejaa, pampu inasimama, na sisi tulibadilisha transmita mbili nzima kabla mtu hajapanda juu kuchungulia. Dawa ilikuwa kubadilisha namba moja: mwisho wa renji kutoka kilopaskali 49 kwenda karibu 69. Nusu saa ya kazi.

Joto nalo lina mtego wake. Wengi tunajaribu Pt100, sensa ya joto ambayo ukinzani wake wa umeme (omu) unapanda joto likipanda, kwenye maji yanayochemka tukitegemea nyuzi 100, lakini Jinja au Kampala maji yanachemka kwenye 96 hivi, kwa hiyo omu 137 ni sawa kabisa. Usiilazimishe ifike 138.5 ya nyuzi 100, utakuwa umeharibu sensa nzuri.

Kwa mtiririko nitasema moja tu. Kama unapima kwa tofauti ya presha kabla na baada ya sahani yenye tundu, mtiririko unafuata kipeuo cha pili: tofauti ikiwa asilimia 25, mtiririko ni asilimia 50. Hakikisha hesabu hiyo inafanywa mahali pamoja, ama kwenye transmita ama kwenye PLC. Zikifanya zote mbili utaona karibu 71 na utalaumu bomba bure.

Ukimaliza fungua vali pole pole, rudisha pampu kwenye oto, mwambie opareta, halafu kaa hapo tanki lijae mara moja huku ukilinganisha skrini na futi ya kuteremsha kutoka juu. Andika zile namba kwenye kikaratasi ufunge kwenye transmita, fundi wa shifti ya usiku atazihitaji.